Steringi Akifa, Nani Anabaki na Kesi?

SWALI: Mwalimu, shikamoo. Mimi ni msichana wa Chake Chake, niko katika kikundi cha maigizo na sasa tunajiandaa kupiga filamu yetu ya kwanza. Nimeandika hadithi ya binti aliyedhalilishwa akiwa mdogo na mtu wa karibu na familia, jambo likamalizwa nyumbani kimya kimya. Miaka mingi baadaye anarudi Pemba akiwa fundi wa nguo, anajisogeza kwa yule mtu mpaka anaaminiwa, kisha anamtilia sumu. Wenzangu wamegawika. Wapo wanaotaka mtu yule afe tumwone, wapo wanaotaka polisi waingie wamtie pingu, ili watazamaji watoke wameridhika. Mimi nimeangalia Promising Young Woman nikakasirika mno kuona yule dada anauawa. Kumbe hata picha inayosifiwa kwa kutetea wanawake inamuua mwanamke! Mwisho kama ule unamtetea mwanamke au unamwadhibu mara ya pili? Na mimi yangu niimalizeje?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Barua yako nimeisoma pamoja na mswada ulioambatisha, na nitajibu maswali yako yote mawili kwa pamoja, maana naona ni swali moja. Tahadhari kwa wengine wanaosoma: nitatoboa mwisho wa kila picha nitakayoitaja. Anayetaka kuziangalia mwenyewe kwanza, na aishie hapa.

Hasira yako ina haki yake. Sote tumelelewa na kanuni moja ya sinema: steringi hafi. Atapigwa, atatupwa mtoni, atapotea nusu ya picha, lakini mwisho atarudi na adui atalipa. Ndiyo maana Cassie, yule dada wa Promising Young Woman, anapobanwa mto usoni mpaka anakata roho, mtazamaji anaona amedhulumiwa. Tena anayemuua ndiye yule yule aliyemwendea kwa kisasi. Lakini kufa kwa steringi hakutoshi kunieleza picha iko upande wa nani. Zipo filamu chungu nzima ambazo mwanamke anatoka mzima, bunduki begani, na bado kamera ilikuwa na shughuli moja tu, kumtazama mapaja.

Mimi naangalia kitu kingine. Kisasi ni deni, na kila picha ya kisasi ina namna yake ya kuandika nani anadaiwa. Nyingi zinaandika majina mawili tu, mtenda na mtendwa. Mmoja akianguka, daftari linafungwa, taa zinawashwa. Jirani aliyesikia kelele akaongeza sauti ya redio, mama aliyesema "nyamaza utatuaibisha", mkuu wa chuo aliyeyatia malalamiko kwenye droo, rafiki aliyecheka, wote hao wanatoka hawana deni. Mwisho unaonishughulisha ni ule unaokataa kuwatoa. Kwa hiyo swali langu la kwanza kwa picha yoyote ya kisasi ni hili: ikiisha, nani bado anadaiwa?

Zamani kisasi chenyewe hakikuwa cha mwanamke, yeye alikuwa sababu tu. Katika The Virgin Spring ya Ingmar Bergman (1960) binti anabakwa na kuuawa njiani akienda kanisani, na baba ndiye anayelipiza. Katika Death Wish (1974) mke anauawa, binti anaharibiwa, kisha Charles Bronson anachukua bastola na kuzunguka mitaa ya New York akiua wahuni. Binti tunamwacha kwenye hospitali ya wagonjwa wa akili, picha haina haja naye tena.

Mwaka 1978 ikaja I Spit on Your Grave ya Meir Zarchi. Mwanamke aliyebakwa na wanaume wanne anapona na kuwaua mmoja baada ya mwingine. Mhakiki Roger Ebert hakuipa hata nyota moja. Profesa wa Kimarekani Carol Clover, katika kitabu chake cha 1992, akaziangalia picha za aina hii kwa jicho jengine, akasema zinamlazimisha mtazamaji wa kiume akae ndani ya ngozi ya mwanamke anayeteswa. Hoja nzuri, lakini mimi hainishawishi kwa picha hii. Kamera inakaa juu ya mateso yake muda mrefu mno kabla ya kumpa silaha. Laura Mulvey alikwishaeleza mwaka 1975 kwamba sinema ya Hollywood inamtazama mwanamke kwa jicho la mwanamume. Hapa jicho hilo linafaidi mara mbili, kwanza linaangalia unyama, halafu linaangalia damu.

Nalisema hili kwa sababu kwenye mswada wako tukio lenyewe limechukua kurasa tatu. Litoe lote. Baraza la Sanaa, Sensa, Filamu na Utamaduni haliwezi kukupitishia, lakini hata kama lingepitisha ningekwambia ulitoe. Mwoneshe mama anarudi kutoka dukani, anamkuta mtoto anafua nguo yake mwenyewe, saa ambayo si ya kufua. Mama anasimama na mfuko mkononi. Anaangalia beseni, anaangalia mtoto, anaingia ndani kuweka unga. Basi. Mtazamaji wa Pemba atajua, na atajua vilevile kwamba mama amejua. Wadaiwa wako wameshakuwa wawili na picha haijafika dakika ya tano.

Sisi wanawake wa kisasi tuliwapata zaidi kwenye picha za Kihindi. Mama zetu walikuwa na maonyesho ya wanawake peke yao katika majumba ya sinema ya Mjini, na baadaye zikaja kanda za video, zikizunguka nyumba hadi nyumba mpaka zikawa zinatoa mistari. Khoon Bhari Maang ya 1988 ndiyo iliyotamba. Rekha ni mjane tajiri, mume mpya anamsukumia mamba, anaokoka na sura imeharibika, anatengenezwa uso upya na kurudi hakuna anayemjua. Mwisho mamba anapata chakula chake. Sijui nyumba ambayo haikupiga makofi. Ila angalia kinachofuata: watoto, nyumba na mapenzi mapya, vyote vinarudi mahali pake kana kwamba uovu wote wa dunia ulikuwa ndani ya suruali ya mtu mmoja. Ni picha tamu, sikatai. Nikiambiwa leo inaoneshwa, nakwenda na kashata zangu.

Mwaka mmoja kabla yake, 1987, Ketan Mehta alitoa Mirch Masala, na hiyo nataka uitafute kabla hujaandika neno jengine. Ni kijiji cha Gujarat wakati wa Mwingereza. Mtoza kodi wa serikali, anachezwa na Naseeruddin Shah, anamtaka Sonbai, mke wa mtu ambaye mumewe amekwenda mjini kwa kazi. Sonbai, anachezwa na Smita Patil, anampiga kofi na kukimbilia ndani ya kiwanda cha kutwanga pilipili. Mlinzi mzee wa Kiislamu, Abu Mian, anafunga lango. Nje wapo askari. Mtoza kodi anasema akabidhiwe mwanamke, la sivyo kijiji kitaona.

Sasa sikiliza kinachotokea. Wanaume wa kijiji wanakaa kikao, mukhi wao, yaani mkuu wa kijiji, akiwa mbele, na kikao kinaamua Sonbai atolewe. Kwa maslahi ya wote. Mwalimu wa skuli anayepinga anapigwa. Ndani ya kiwanda nako, wapo wanawake wanaomwambia toka mwenzetu, kwa nini tuangamie sote kwa ajili yako? Mke wa mukhi anawatoa wanawake wenziwe barabarani wakigonga sahani. Halafu lango linavunjwa, mlinzi anapigwa risasi, na mtoza kodi anaingia. Wanawake, wale wale waliokuwa wakimwambia atoke, wanammwagia pilipili. Fungu baada ya fungu, mpaka hewa yote imekuwa nyekundu. Wewe unajua pilipili ya kutwanga inavyokamata koo mtu akipita tu upande wa upepo, kwa hiyo huhitaji kuelezwa anachopiga kelele yule bwana. Sonbai amesimama na mundu mkononi. Picha inagandishwa hapo hapo. Mwisho.

Hatumwoni mtoza kodi akifa, wala hatumwoni akikamatwa. Watu wengi hulalamika, lakini kwa maoni yangu huo ni mwisho wa haki kuliko ule wa mamba, maana jambo lililobadilika ni mikono ya wale wanawake. Na wanaume waliokaa kikao tunawaacha wapi? Nje ya lango, hai, na kura yao wameshaipiga. Deni lao picha haijalifuta.

Kugandisha picha ndiyo njia waliyoitumia pia katika Thelma & Louise (1991), gari likiwa hewani juu ya genge kabla halijaanza kuanguka. Watu wamebishana zaidi ya miaka thelathini kama ni ushindi au ni kujiua. Mimi hurudi nyuma, pale maegeshoni, Louise ameshampiga risasi mwanamume aliyetaka kumbaka mwenzake. Thelma anasema twende polisi. Louise anamjibu kwamba watu kibao wamemwona akicheza na yule bwana, nani atawaamini? Safari yote ya gengeni inatokana na ukumbi mzima wa mashahidi ambao wangeshuhudia kinyume. Callie Khouri alipata Oscar kwa mswada ule, na alistahiki kwa onyesho hilo peke yake.

Turudi kwa Cassie. Emerald Fennell aliiandika na kuiongoza mwenyewe, ikaoneshwa mara ya kwanza tamasha la Sundance Januari 2020, na 2021 ikachukua Oscar ya mswada wa asili. Ukiwa na nafasi iangalie tena ukiwa na kalamu, uandike Cassie anamwendea nani. Wa kwanza ni Madison, mwanafunzi mwenzao wa zamani aliyeisikia habari ya Nina, rafiki yake Cassie aliyebakwa walipokuwa chuoni, na kuona Nina alijitakia. Wa pili ni mkuu wa chuo cha udaktari, mwanamke, aliyesema ushahidi hautoshi na kijana asiharibiwe maisha. Wa tatu ni wakili aliyelipwa kumtisha Nina. Mbakaji mwenyewe anafikiwa mwisho kabisa, picha ikikaribia kwisha. Sehemu kubwa ya kisasi chake ni kwa watu ambao hawakumgusa Nina hata kwa kidole. Na Nina hatumwoni akidhalilishwa. Ipo video, lakini sisi tunaisikia sauti tu huku tukiutazama uso wa Cassie anayeiangalia. Ndiyo namna ya kufanya, kama bado hujashawishika kuzitoa zile kurasa tatu.

Ndani ya video hiyo inasikika sauti ya Ryan, mpenzi wake mpya, daktari wa watoto, kijana mcheshi ambaye tulikwishaanza kumwombea dua wafunge ndoa. Alikuwepo. Alicheka. Cassie anapotoweka na polisi wakaja kumuuliza, Ryan anajifanya hajui alikokwenda. Halafu inakuja harusi ya muuaji. Ving'ora vinalia, bwana harusi anatiwa pingu, na zile meseji alizozipanga Cassie kabla ya kufa zijitume zenyewe zinaingia kwenye simu ya nani? Ya Ryan. Kijana mwema amesimama katikati ya wageni, suti safi, na marehemu anamkonyeza kwenye skrini. Muuaji anakamatwa. Ryan hana kesi ya kwenda kuijibu popote, na ndiyo sababu Cassie ameamua kumwandikia yeye.

Kwa hiyo jibu la swali lako la kwanza: mwisho ule haumwadhibu mwanamke. Unasema jambo chungu kuliko hilo. Nina alipokuwa hai na analalamika, kesi haikupatikana. Kesi imepatikana ulipokuwepo mwili wa Cassie, uliochomwa moto. Kama ulitoka umekasirika, umeisoma vizuri.

Hata hivyo nina ugomvi na picha hii, na ugomvi wangu si wako. Kufa kwa Cassie nakubali, polisi ndio siwakubali. Saa nzima na nusu tumeoneshwa kwamba hakuna ofisi inayomsikiliza mwanamke, halafu dakika ya mwisho magari yanafika kwa wakati, taa zinawaka, na ukumbi unashusha pumzi. Ile pumzi ndiyo kitu ambacho wenzako wa kundi la pingu wanakitafuta. Nawaelewa. Lakini tazama kwetu. Tangu 2021 Zanzibar ina mahakama maalum za makosa ya udhalilishaji. Hospitalini vipo vituo vya Mkono kwa Mkono, polisi lipo dawati la jinsia. Kesi bado zinaanguka, na zinaangukia wapi? Kwa shahidi ambaye siku ya kusikilizwa hakufika, kwa familia iliyokwenda kuelewana, kwa mama aliyesema sasa mtoto amesahau, yaache. Muhali. Mtu ni shemeji, ni jirani, ndiye aliyetoa gari wakati wa msiba, utasimamaje mbele ya hakimu umtaje? Filamu inayomalizikia kwenye pingu inamwambia mtazamaji wa Pemba kwamba shida ilikuwa polisi kuchelewa. Atatoka ameridhika kweli, na jioni yake atakwenda kukaa kwenye kikao.

Kuhusu sumu, kuna bibi mmoja wa Kiindonesia ameshakutangulia. Katika Marlina the Murderer in Four Acts ya Mouly Surya (2017), kisiwa cha Sumba, wanaume saba wanafika nyumbani kwa mjane, wanamwambia kabisa watamfanya nini na kwamba kwanza awapikie. Anawapikia supu ya kuku. Wale wanaokula wanakufa, na kiongozi wao anayemwingilia chumbani anakatwa kichwa kwa panga. Unaona ilipo sumu? Mwanzoni! Sehemu ya kwanza kati ya nne. Picha iliyobaki ni Marlina anasafiri na kichwa cha mtu mkononi kwenda kituo cha polisi kushitaki, na akifika polisi wanacheza mpira wa meza. Anasubiri. Kisha anaulizwa maswali ya kubakwa kwake na afisa anayepiga chapa taratibu, na anaambiwa vifaa vya uchunguzi itabidi visubiriwe. Hapo Mouly Surya anatushinda wote. Adui amekufa zamani, na bado hakuna aliyesikiliza. Anayemsikiliza ni Novi, jirani mwenye mimba kubwa, na picha inamalizikia kwenye uzazi.

Jennifer Kent alifanya jambo linalokaribia hilo katika The Nightingale (2018), Tasmania ya 1825. Clare anamuua askari wa kwanza kwa namna ya kutisha, halafu anapompata afisa mwenyewe, mkono unakataa. Badala yake anaingia mahali maafisa wanapokunywa, anasimama mbele ya wenzake na wakubwa wake, anasema alichofanyiwa, na anaimba. Wanaume wote wamekaa, vikombe mkononi. Naye Park Chan-wook, katika Lady Vengeance (2005), anawaweka wazazi wa watoto waliouawa ndani ya skuli iliyoachwa, wamevaa makoti ya mvua, wanapeana zamu kwa muuaji. Baadaye wanakula keki, na mmoja mmoja wanampa Geum-ja namba za akaunti zao za benki ili warudishiwe fedha walizomlipa mtekaji. Hakuna wimbo wa ushindi pale. Namba za akaunti tu zinapita mezani.

Mtu asiniambie kwamba miisho ya namna hii ni ya kizungu au ya kikorea na haiingii kwetu. Siti binti Saad, mzaliwa wa Fumba, aliyekwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi santuri, ameimba Kijiti. Mwanamke mgeni kutoka Bara anachukuliwa na mwanamume aitwaye Kijiti, anauawa. Kijiti anakimbia anavuka bahari. Wanawake waliofika mahakamani kutoa ushahidi ndio waliofungwa, kwa habari ya pombe. Muuaji huru, mashahidi ndani. Ukimpelekea mtayarishaji wa leo hadithi hiyo atakurudishia, atasema haina mwisho. Lakini Siti hakuhitaji kumrudisha Kijiti amnyonge. Alimtaja kwa jina, akaitaja na mahakama, na kila aliyeuimba wimbo ule barazani akawa shahidi ambaye hakimu hamfikii.

Basi na yako. Umempa mhusika wako kazi ya ufundi wa nguo halafu umeisahau, umeitumia tu kama sababu ya kumrudisha Pemba. Kazi hiyo ndiyo filamu yako. Yule bwana anaoza binti yake, familia nzima inashona sare, na wanawake wote wa nyumba ile wanakwenda kwa fundi kupimwa. Mmoja mmoja. Kila mmoja anavua buibui, anainua mikono, utepe unapita kifuani, mgongoni, kiunoni. Mtu aliyeinua mikono anapimwa hana pa kutazama. Hapo ndipo maneno yanatoka. Wifi anasema, wewe si yule mtoto wa nyumba ya pili, tulisikia unaumwa ukapelekwa Unguja? Bibi anasema mambo ya zamani hayana faida. Shangazi, aliyeongoza kikao cha siku ile na kutoa fedha za nauli ya boti, anasema nibane kidogo hapa. Fundi anaandika namba kwenye daftari la vipimo, anasema ahsante. Una maonyesho matano au sita ya kuhoji watu bila hata mmoja kuhojiwa, na gharama yake ni chumba, cherehani na utepe.

Sumu itoe, au iache ibaki chupa kwenye droo ya cherehani, tuione mara moja, tuwe na wasiwasi nayo muda wote. Nakubali kwamba wasiwasi lazima uwepo, hii ni picha ya kusisimua, si hotuba ya semina. Mtazamaji akae akiamini ataitia kwenye sharubati ya harusi.

Halafu usiku wa harusi, ukumbi wa wanawake, taarabu inapigwa. Yule bwana hayupo. Hawezi kuwepo, ni shughuli ya wanawake, naye yuko nje na wanaume wenziwe wanazungumza habari ya karafuu. Hili ndilo jambo la kuvunja kanuni ulilokuwa ukilitafuta: kisasi kinafikia kileleni katika ukumbi ambao adui hayumo. Fundi anasimama na noti mkononi kwenda kutunza. Unajua mwendo wenyewe, ule wa taratibu, mkono umeinuliwa, noti inapepea, na kila mtu anaangalia mstari gani wa wimbo utamkuta amefika wapi, maana hapo ndipo litakapojulikana fumbo ni la nani. Anapita meza ya bibi harusi. Anampita mwimbaji. Mstari unapofika, amesimama mbele ya shangazi, na noti anamwekea yeye, kichwani, mbele ya wanawake waliovaa sare alizozishona kwa mkono wake na ambao wote, kila mmoja kwa wakati wake, wameinua mikono mbele yake.

Wimbo uandike mwenyewe, mistari minne yatosha, na usitaje jina. Kamera ibaki kwa shangazi mpaka wimbo umalizike. Usiikate kutuonesha fundi analia. Tukitaka kujua kama chupa ilitumika, usituoneshe hilo nalo. Wenzako wanaotaka mtu afe wataridhika kubishana njiani kama amekufa, na wanaotaka pingu wape onyesho moja tu la asubuhi ya pili: sheha anafungua mlango wake, nje amesimama mwanamke mmoja aliyevaa sare ya harusi. Yupi kati yao, muamue nyinyi. Mimi ningemchagua yule wifi, kwa sababu ndiye ambaye hakuna aliyemhesabu.

Jambo la mwisho ni la kazi tu. Huyo shangazi mtafutieni mama mtu mzima kweli, si msichana mwenzenu aliyepakwa unga kwenye nywele. Picha nzima inakaa usoni mwake dakika mbili bila neno, na msichana wa miaka ishirini hana uso wa kuibeba. Mkimpata, msimpe mswada wote. Mpeni kurasa za kupimwa nguo na za taarabu, mumwambie mhusika wake ni mwanamke anayependwa na familia yake, aliyewahi kufanya alichoona ni kheri kwa kila mtu.